Kuchagua Swichi ya Mtandao: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

SOMO LA TEKNOLOJIA KWA WAKAZI

Somo hili linawafaa wenye saiba, ofisi ndogo, zahanati, shule, vikundi vya akiba na familia zinazotaka kuunganisha vifaa vyao kwa waya. Ukilimaliza utaweza:

1. kueleza kazi ya swichi na mambo ambayo haiwezi kufanya;
2. kuhesabu ukubwa wa swichi unaokufaa;
3. kuchagua kasi na aina yake bila kulipia usichohitaji;
4. kuilinda dhidi ya radi na umeme unaopanda na kushuka;
5. kumhoji muuzaji kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini jambo hili litushughulishe

Huduma nyingi za serikali sasa hupatikana kwenye intaneti. Mkazi wa Malava anayetafuta cheti cha tabia njema, mfanyabiashara wa Butere anayewasilisha ushuru kupitia iTax na kijana wa Lumakanda anayeomba nafasi ya chuo kupitia KUCCPS, wote wanahitaji kompyuta iliyounganishwa vizuri. Wengi wao huipata kwenye saiba iliyo karibu. Mtandao wa saiba ukikwama, foleni inasimama, mwenye biashara anapoteza mapato ya siku, na mteja anarudi nyumbani bila huduma aliyolipia nauli kuifuata.

Mara nyingi tatizo haliko kwa kampuni ya intaneti. Liko ndani ya chumba: waya mbovu, kifaa kisichofaa, au kijisanduku kilichopigwa na radi. Kijisanduku chenyewe ndicho tunachokizungumzia leo.

1. Swichi ni nini, na si nini

Tukisema swichi, wengi hufikiria kile kitufe cha kuwashia taa ukutani. Swichi ya mtandao ni kitu kingine. Ni sanduku dogo lenye matundu ya kuchomekea nyaya za mtandao. Mafundi huyaita poti. Unachomeka waya kutoka kwa ruta, kisha unachomeka kompyuta, printa, kamera na televisheni. Vifaa vyote hivyo vinaweza kuwasiliana na kutumia intaneti moja.

Fikiria manamba hodari kwenye steji ya matatu. Abiria akifika, manamba haanzi kumtangaza kwa kila gari. Anamuuliza aendako, kisha anamwelekeza kwenye gari la Mumias, la Kisumu au la Webuye. Swichi hufanya vivyo hivyo. Kila kifaa cha mtandao kina namba yake iliyowekwa kiwandani. Swichi hujifunza ni namba ipi iko kwenye tundu lipi, kisha hupeleka ujumbe kwenye tundu hilo peke yake.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mfumo wa Ethernet, ambao swichi zetu hutumia, ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Wakati huo kompyuta zote zilitumia waya mmoja, na mbili zikizungumza kwa pamoja ujumbe uligongana. Baadaye vikaja visanduku vilivyoitwa habu, ambavyo hupokea ujumbe na kuurusha kwenye matundu yote. Mnamo 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ikaleta swichi ya kwanza ya Ethernet, iliyokuwa na matundu 7. Habu za zamani bado huonekana katika vifaa vilivyotumika. Ukiuziwa habu kwa jina la swichi, mtandao wako utakuwa na msongamano kila wateja wanapoongezeka.

Sasa tuangalie mambo ambayo swichi haifanyi.

Kwanza, swichi haileti intaneti wala haiongezi. Ukilipia kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde, kompyuta zote zitagawana hizo 10, hata swichi iwe ya bei gani.

Pili, swichi peke yake haipeleki Wi-Fi kwenye chumba cha nyuma. Inachoweza kufanya ni kukuwezesha kupitisha waya hadi chumba hicho, na huko ukaweka kifaa cha pili cha kurusha Wi-Fi.

Tatu, huenda huihitaji kabisa. Geuza ruta yako uangalie mgongoni. Ruta nyingi za nyumbani zina matundu kati ya 2 na 4 ya kuunganisha vifaa. Kama vifaa vyako vya waya vinatoshea hapo, funga mfuko wako.

2. Hesabu matundu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kwenda dukani, chukua daftari uandike kila kifaa kitakachounganishwa kwa waya. Kwa kila kifaa, andika mambo manne: kitakaa wapi, ni mita ngapi kutoka kwenye swichi, kinahitaji kupata umeme kupitia waya wa mtandao au la, na kina siri za watu au la.

Kisha fuata kanuni hii: jumlisha vifaa, ongeza tundu 1 la waya unaotoka kwa ruta, halafu ongeza robo ya jumla hiyo kwa ajili ya kesho.

Tuchukue mfano wa saiba yenye kompyuta 6 za wateja, printa 1, kamera 2 na kompyuta 1 ya wakala wa pesa. Hivyo ni vifaa 10. Ongeza tundu la ruta, yanakuwa 11. Robo ya 11 ni karibu 3, kwa hiyo tunahitaji matundu 14. Swichi za kawaida huuzwa zikiwa na matundu 5, 8, 16 au 24. Saiba hii inahitaji ya 16.

Kumbuka kwamba swichi ya matundu 5 inakupa nafasi ya vifaa 4 tu, na ya 8 inakupa 7, kwa sababu tundu moja ni la ruta.

Wengine hununua swichi mbili za matundu 5 wakidhani wamepata nafasi 10. Hesabu tena. Matundu 2 yanatumika kuunganisha swichi hizo mbili, na 1 ni la ruta. Yanayobaki ni 7, sawasawa na swichi moja ya 8. Lakini sasa una adapta mbili za umeme, soketi mbili zimetumika, na kuna vifaa viwili vinavyoweza kuharibika.

Jambo jingine ni umbali. Waya wa shaba wa mtandao hutakiwa usizidi mita 100 kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Ukizidi hapo, mawasiliano huanza kukatikakatika.

3. Kasi: 100 au 1000?

Kwenye boksi utaona 10/100 au 10/100/1000. Namba ya mwisho ndiyo kasi ya juu ya kila tundu, kwa megabiti kwa sekunde. Swichi ya 1000 huitwa ya gigabiti.

Kama kifurushi chako cha intaneti ni megabiti 20, hata swichi ya 100 haitakizuia. Tofauti huonekana pale kompyuta zako zinapopelekeana mafaili zenyewe kwa zenyewe. Tuseme ofisi inanakili faili za gigabaiti 10 kutoka kompyuta ya karani hadi kompyuta ya akiba. Gigabaiti 10 ni megabiti 80,000. Kwenye swichi ya 100, kazi hiyo inachukua sekunde 800, yaani zaidi ya dakika 13. Kwenye swichi ya 1000 inachukua sekunde 80. Katika matumizi halisi muda huongezeka kidogo, lakini uwiano ni huo.

Karani akijua kwamba kunakili rekodi ni kazi ya dakika moja na nusu, atainakili kila jioni. Akijua ni robo saa, ataiahirisha hadi siku kompyuta itakapokufa. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuchagua gigabiti ukiwa unanunua swichi mpya. Zipo pia swichi za kasi ya juu zaidi, 2500 na 10000. Kwa saiba au ofisi ndogo, hizo ni gharama isiyo na kazi.

4. Ya kawaida au ya kupangwa?

Swichi ya kawaida huchomekwa ikaanza kazi. Haina nenosiri wala mipangilio. Kwenye boksi huandikwa Unmanaged. Kwa nyumba nyingi na ofisi ya watu wachache, hiyo inatosha.

Swichi ya kupangwa huandikwa Managed au Smart. Unaweza kuingia ndani yake kwa kompyuta na kuigawa iwe kama swichi mbili au tatu zisizoonana. Mgawanyo huo mafundi huuita VLAN. Swali la kujiuliza ni moja: je, kwenye mtandao huu kuna watu nisiowajua na pia kuna siri za watu?

Katika saiba, mteja yeyote hukaa kwenye kompyuta. Kompyuta hiyo ikiwa kwenye mtandao mmoja na ile ya wakala wa pesa au ile yenye nakala za vitambulisho, mtu mwenye nia mbaya ana njia ya kuanzia. Zahanati ina majina na maradhi ya wagonjwa. Kikundi cha akiba kina namba za simu na mikopo ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde ipasavyo. Kutenganisha mtandao wa wageni na mtandao wa kazi ni hatua mojawapo ya ulinzi huo.

Ukinunua ya kupangwa, badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyo hiyo. Swichi iliyoachwa na nenosiri la kiwandani ni kama stoo yenye kufuli ambayo ufunguo wake unauzwa sokoni. Pia hakikisha ruta yako inaweza kuelewa mgawanyo huo. Muulize fundi jambo hili kabla ya kununua, si baada.

5. Swichi inayotoa umeme

Kamera nyingi za usalama, simu za mezani za intaneti na vifaa vya kurushia Wi-Fi vinaweza kupata umeme kupitia waya ule ule wa mtandao. Huhitaji kuweka soketi juu ya dari. Swichi inayoweza kufanya hivyo huandikwa PoE.

Hapa kuna hesabu mbili. Ya kwanza ni ya kila tundu: swichi za PoE ya kawaida hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na za PoE+ hutoa hadi wati 30. Ya pili ni jumla ya wati ambazo swichi nzima inaweza kutoa kwa wakati mmoja, na hii ndiyo wanunuzi husahau. Swichi inaweza kuwa na matundu 8 ya PoE lakini ikashindwa kuyalisha yote kwa pamoja.

Mfano: una kamera 4 za wati 7 kila moja, na kifaa kimoja cha Wi-Fi cha wati 12. Kamera zinakula 28, ukiongeza 12 unapata 40. Ongeza robo kwa usalama, unapata wati 50. Tafuta swichi ambayo jumla yake haipungui hapo.

Tahadhari: nunua PoE inayofuata kiwango cha 802.3af au 802.3at. Swichi ya viwango hivyo huuliza kwanza kama kifaa kinahitaji umeme. Ukichomeka kompyuta, haitaipelekea. Kuna vifaa vya bei ya chini vinavyosukuma umeme bila kuuliza, na hivyo vinaweza kuunguza kompyuta yako.

Kama huna kamera wala kifaa cha aina hiyo, usinunue PoE. Utalipa zaidi dukani, kisha ulipe zaidi kwenye tokeni.

6. Usisahau waya

Swichi nzuri kwenye waya mbaya ni gari jipya kwenye barabara iliyosombwa na maji. Waya wa Cat5e unatosha kwa gigabiti hadi mita 100. Cat6 ni bora kidogo, na ukijenga nyumba mpya ni vizuri kuupitisha ukutani mara moja.

Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba nje. Wakati mwingine huandikwa CCA. Ni mwepesi, hukatika haraka ukipindwa, na haufai kwa PoE kwa sababu hupata joto. Kuutambua ni rahisi: omba kipande, kwangua uzi mmoja wa ndani kwa wembe. Shaba halisi itabaki nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, rudisha.

Ndani ya waya mna nyuzi 8. Kasi ya 100 hutumia nyuzi 4, lakini gigabiti hutumia zote 8. Kichwa cha waya kikifungwa vibaya na uzi mmoja ukakosa kugusa, swichi yako ya 1000 itashuka hadi 100 bila kukwambia, au mawasiliano yatakatika kabisa. Mtake fundi apime kila waya kwa kipimo chake mbele yako.

Kosa jingine ni kuchomeka ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyo hiyo. Kwenye swichi nyingi za kawaida, ujumbe utaanza kuzunguka bila kikomo, taa zote zitamweka kwa kasi, na mtandao mzima utasimama. Hilo likitokea, kabla ya kumpigia fundi simu, angalia kama kuna waya wa namna hiyo.

7. Radi na umeme: sehemu inayotuhusu zaidi

Vitabu vingi kuhusu swichi vimeandikwa kwa ajili ya nchi ambako radi si jambo la kila wiki. Sisi tuko katika ukanda wa Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Mvua zetu za alasiri kuanzia Machi huja na ngurumo. Kwa hiyo mkazi wa Kakamega hawezi kuchagua swichi kama mkazi wa London.

Si lazima radi ipige nyumba yako. Ikipiga mti au nguzo ya umeme iliyo karibu, nguvu yake huingia kwenye nyaya ndefu zilizo jirani. Waya wa mtandao unaotoka nyumba moja hadi nyingine, au unaokwenda kwa kamera ya langoni, ni waya mrefu. Nguvu hiyo hufika kwenye swichi, na kutoka hapo husambaa kwa kila kilichochomekwa. Dakika moja inaweza kumaliza swichi, ruta na kompyuta za ofisi nzima, pamoja na rekodi zilizo ndani.

Kinga ni bora kuliko tiba. Fuata hatua hizi:

Kati ya majengo mawili, tumia kebo ya nyuzi za kioo. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo radi ikiharibu upande mmoja haitafuata kebo hadi upande wa pili. Hakikisha kebo unayochagua haina waya wa chuma ndani ya kushikilia uzito. Ikiwa nao, fundi asiufikishe kwenye vifaa. Baadhi ya swichi zina tundu maalumu la kebo hii, liitwalo SFP. Kama yako haina, kuna vijisanduku vya kubadilisha, kimoja kila upande.

Wingu likianza kutanda, chomoa mapema. Chomoa waya wa umeme na pia nyaya za mtandao zinazotoka nje. Watu wengi huchomoa umeme wakaacha waya wa mtandao, na huo ndio mlango radi inaopitia. Radi ikishaanza kupiga karibu, usiguse nyaya. Kifaa hununuliwa tena, uhai haununuliwi.

Weka kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla, na uhakikishe jengo lina waya wa ardhini uliofungwa sawasawa. Bila waya wa ardhini, kifaa hicho hakina mahali pa kutupa nguvu ya ziada. Kazi hiyo ifanywe na fundi wa umeme mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Hata hivyo, hakuna kifaa cha dukani kitakachozuia radi inayopiga moja kwa moja.

Weka nakala ya rekodi nje ya mtandao huo. Diski ya akiba iliyochomekwa muda wote itaungua pamoja na kompyuta. Ichomoe ukimaliza kunakili.

Stima ikipotea, swichi ndogo ina faida moja. Nyingi hutumia adapta ya volti 5, 9 au 12, sawa na ruta. UPS ndogo za ruta zinazouzwa madukani zinaweza kuiwasha pia, mradi volti zilingane na zile zilizoandikwa nyuma ya swichi. Usibahatishe adapta, volti zikizidi, swichi imekwisha. Swichi ya PoE inahitaji nguvu kubwa zaidi na haitawashwa na UPS hizo ndogo.

Mwisho ni tokeni. Swichi ndogo ya wati 4 ikikaa usiku na mchana kwa siku 30 hula chini ya yuniti 3. Sasa chukua ile swichi kuukuu ya matundu 48, iliyotolewa kwenye ofisi kubwa ng'ambo na kuuzwa hapa kwa bei ya kuvutia. Kama inakula wati 60, kwa mwezi itamaliza yuniti 43. Juu ya hayo ina feni inayopiga kelele na kuvuta vumbi. Bei ya chini ya siku moja inageuka deni la kila mwezi.

8. Ukiwa dukani

Muulize muuzaji maswali haya kabla ya kulipa:

- Matundu yote ni ya 1000, au ni machache tu?
- Ni swichi ya kawaida au ya kupangwa?
- Kama ni PoE, matundu mangapi yanatoa umeme, na jumla ni wati ngapi?
- Adapta ni ya volti ngapi, na ikiharibika inapatikana hapa Kakamega?
- Ina feni? Kwa ofisi ndogo, chagua isiyo na feni, yenye sanduku la chuma ikiwezekana.
- Waranti ni ya muda gani, na nani anaitekeleza?

Angalia kama bidhaa ya kutoka nje ina stika ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa Nchini, KEBS. Jina la kampuni kwenye boksi na kwenye swichi lazima lilingane. Herufi moja ikibadilika, huenda ni bidhaa ghushi. Chukua risiti yenye namba ya kifaa. Kikundi kikinunua, risiti na waranti viwekwe na katibu, si mfukoni mwa mtu mmoja.

9. Mifano mitatu

*Nyumba Lurambi.* Ina televisheni 1 na kompyuta 1 ya mezani kwa waya. Simu zote hutumia Wi-Fi. Ruta ina matundu 4. Uamuzi: swichi haihitajiki. Pesa ziende kwenye kinga ya umeme.

*Saiba Mumias.* Ndiyo ile tuliyoihesabu, yenye vifaa 10. Wateja wasiojulikana wanakaa karibu na kompyuta ya wakala. Uamuzi: swichi ya kupangwa ya matundu 16, gigabiti, bila PoE kwa kuwa kamera mbili zilizopo zina adapta zake. Kompyuta ya wakala itengwe.

*Shule Shinyalu.* Ofisi ina kompyuta 3 na printa 1. Jengo la maabara, mita 60 kutoka hapo, lina kompyuta 5. Kwa umbali, waya wa shaba ungefika. Kwa radi, haufai. Uamuzi: swichi mbili za gigabiti za matundu 8, kila moja ikiwa na tundu la SFP, na kebo ya nyuzi za kioo kati ya majengo.

Maswali ya kujipima

1. Ofisi ina kompyuta 4 na printa 1, na ruta iko kando. Inahitaji swichi ya matundu mangapi?
2. Muuzaji anasema swichi ya gigabiti itaongeza kasi ya kifurushi chako cha megabiti 10. Ni kweli?
3. Una kamera 6 za wati 8. Swichi ya PoE yenye jumla ya wati 50 inafaa?
4. Mvua inakuja na umechomoa swichi kwenye soketi. Umemaliza?

Majibu

1. Vifaa 5, ongeza tundu la ruta yanakuwa 6, robo yake ni karibu 2. Jumla 8.
2. Si kweli. Itaharakisha mawasiliano kati ya vifaa vyako tu.
3. Haifai. Kamera zinakula 48, na ukiongeza robo unahitaji 60.
4. Bado. Chomoa pia nyaya za mtandao zinazotoka nje ya jengo.

Hifadhi ukurasa huu pamoja na daftari lako la vifaa. Siku ya kwenda dukani, beba vyote viwili, na usikubali kuuziwa tundu ambalo hukuliandika.